Tombo Moja

Hata wasiompenda Mwanvita Stambuli walikubali jambo moja: mkono wake hautetemeki. Katika maabara ya kituo cha utafiti pale Morogoro mjini aliweza kuchukua tone la damu dogo kuliko punje ya ulezi, akaliweka mahali pake, akachukua la pili na la tatu, na yote yakawa sawa. Ndiyo maana siku Dokta Ezekiel, msimamizi wake, alipomwambia mbele ya wenzake kwamba amechanganya damu za watu, wote walitazama mashine, wakatazama sakafu.

Njia iliyomfikisha kwenye maabara hiyo ilianzia Mwembesongo, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo baraza lake lilinukia mafuta ya vitumbua kila alfajiri. Mama yake, Hidaya, alikaanga na kuuza. Baba yake, mzee Stambuli, alifanya kazi kiwandani Mzinga mpaka akastaafu. Mwanvita alikuwa na mdogo wake mmoja, Nasibu. Mtoto huyo alizaliwa mzima, akaanza kutambaa, kisha vidole vikamvimba na macho yakageuka manjano. Kila alipopigwa na baridi alilia kwa maumivu ya mifupa. Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alileta mizizi. Daktari alisema neno moja, selimundu, akaongeza kwamba ugonjwa huo wa damu hautoki kwa mzazi mmoja. Lazima wote wawili wawe nao.

"Kwetu hakuna," alisema Stambuli.

"Na kwetu hakuna," alisema Hidaya.

Walisema hivyo miaka yote, kila mmoja akiulinda mlango wa ukoo wake, na katikati yao mtoto akaumwa. Nasibu alikufa Mwanvita akiwa kidato cha pili. Arobaini ilipopita, msichana yule alimwuliza mwalimu wake wa baiolojia: kitu ambacho hakipo kwa baba na hakipo kwa mama kinafikaje kwa mtoto? Mwalimu hakumpa pole. Alichora miraba minne ubaoni kwa chaki, akajaza herufi, akamwonyesha kwamba mtu anaweza kubeba nusu ya ugonjwa maisha yake yote asijue, akaoa mwenye nusu nyingine. Mwanvita alitazama ile miraba mpaka kengele ikalia. Wengine huingia katika elimu kwa kupenda cheo. Yeye aliingia kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani ambao alitaka kuumaliza.

Akasoma. Alifaulu kidato cha sita, akaenda chuo kikuu, akajifunza kutoa vinasaba kwenye damu na kuvizidisha kwa mashine mpaka viweze kusomeka. Akarudi Morogoro kufanya shahada ya pili. Jambo moja tu hakufundishwa, wala hakujua kwamba hakufundishwa: lugha ya bibi zake. Hidaya alizaliwa mlimani na Kiluguru alikuwa nacho kinywani, lakini shuleni alipigwa fimbo kila alipokisema, na siku nyingine alivishwa kibao shingoni kama mbuzi wa kuuzwa. Alipojaliwa watoto aliwapa Kiswahili peke yake, kama mtu anayewanyima watoto chakula kilichomdhuru mwenyewe. Ndivyo zilivyokwisha lugha nyingi nchini humu. Hazikuuawa na adui. Ziliuawa na akina mama wenye huruma, na walimu waliopewa fimbo na sifa.

Utafiti wa Dokta Ezekiel ulihusu jambo dogo na kubwa. Kila binadamu huzaliwa na damu ya aina moja, ile ya tumboni, ambayo hupotea katika miezi ya mwanzo na nafasi yake kushikwa na damu ya ukubwani. Wapo wachache ambao ile ya utoto haiwaishii. Akizaliwa na selimundu mtu wa namna hiyo, ugonjwa humwuma kidogo, maana damu ya utoto humkinga. Dokta alitaka kujua kinga hiyo hupita vipi katika ukoo, nani humpa nani. Aliyekuwa akitafuta jibu hilo kwa mikono yake ni Mwanvita, na mwisho wa mwaka, kazi ikienda vizuri, yeye ndiye angepewa nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamivu. Nafasi ilikuwa moja.

Akapanda mlimani kutafuta nyumba zenye kinga hiyo. Siku hizi mtu hupanda kwa bodaboda, hana muda wa kuuliza hali njiani. Alipita Kiroka na Mkuyuni, akafika Matombo, kisha akaendelea juu ya Tawa hadi kitongoji ambacho mdalasini huanikwa hata juu ya makaburi. Huko aliishi Bibi Kristina, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nyumba yake ilikuwa na rozari ukutani na msala umekunjwa kwenye kona, kwa kuwa binti zake waliolewa na Waislamu na hakuna aliyeona ajabu. Mmoja wa binti hao alikuwapo, anaitwa Mama Hashimu. Vijana watano waliingia na kutoka, watatu kati yao wana selimundu. Mmoja wao, Hashimu, alikuwa na miaka ishirini na miwili, na aliteremka mteremko na mzigo wa mdalasini kichwani kama mtu asiye na ugonjwa wowote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka mjini?"

"Mwembesongo."

"Na wewe ni wa tombo gani?"

Mwanvita alisikia *tumbo*. Alidhani ni lafudhi ya mlimani, maana wazee wa kule huvuta maneno. "Tumbo la Hidaya," akajibu.

Bibi Kristina alimtazama kidogo, akamsamehe. "Haya. Keti."

Mwanvita akaeleza kazi yake, wakakubali kutoa damu, kisha akauliza habari za uzazi. Bibi Kristina alizungusha mkono uani, akawakusanya vijana wote watano kwa kidole kimoja. "Hawa wote tombo moja."

"Mama yao ndiye huyu?"

"Huoni wanavyomwita?"

Kweli walimwita mama. Naye Mama Hashimu, alipoulizwa kama hawa ni wanawe, alijibu, "Ni wanangu," bila kuinua uso kwenye ungo. Mwanvita akachora mviringo mmoja juu, vijana watano chini yake, akashukuru, akapewa ndizi za kuondokea.

Majibu ya maabara yalipotoka, mchoro ule ulivunjika. Vijana wawili walikuwa watoto wa Mama Hashimu pasipo shaka. Watatu, Hashimu akiwa mmojawapo, hawakuwa wanawe.

Dokta Ezekiel, Msukuma wa Magu, alikuwa mtu mwema ila hakuwa na subira. Alisogeza miwani.

"Damu ya baba ikikataa kulingana na ya mtoto, hilo nimeliona mara nyingi, na hunyamaza nalo," alisema. "Baba ni maneno ya watu. Lakini mama? Mama alibeba, watu waliona. Mtoto hawezi kukosa kuwa wa mama yake isipokuwa mtu amebadilisha vichupa."

"Sikubadilisha, Dokta."

"Basi damu imejibadilisha yenyewe."

"Nilirudia mara mbili."

"Ulirudia kutoka vichupa vilevile. Ukikosea jina kwenye kichupa, hata ukirudia mara kumi utarudia kosa." Akavua miwani. "Mwanvita, mimi sina neno na akili yako. Lakini kazi hii ni mikono. Siwezi kumpa uzamivu mtu ambaye sijui kama damu ya Juma ni ya Juma. Mwisho wa wiki ijayo nitampa Ritesh. Ukiwa na maelezo mengine, niletee kabla ya hapo."

Ritesh alikuwa mwenzake wa meza ya jirani, kijana wa familia ya Kihindi yenye duka la vipuri mjini tangu enzi za babu yake. Nafasi aliitaka, hakuwa mnafiki. Lakini hakupenda kuipata kwa njia hiyo, na kwa kuwa hakujua namna ya kulisema hilo, alileta chai na sambusa za mama yake, akaanza utani.

"Pole, dada. Waluguru si hulima miteremko wamejifunga kamba? Nenda kajifunge shambani kwenu usije ukaanguka na huko pia."

"Niache, Ritesh."

"Nakuacha. Kula kwanza."

Mwanvita hakula. Alikuwa anatazama jambo ambalo Dokta hakulitazama kwa sababu ya hasira. Upo uzi mmoja mdogo wa vinasaba ambao mtoto hupewa na mama pekee. Baba hachangii kitu. Mama naye alipewa na mama yake, na kuendelea nyuma hadi ambako hakuna anayekumbuka. Aliusoma uzi huo kwa vijana wote watano, kwa Mama Hashimu na kwa Bibi Kristina. Ulikuwa mmoja. Kama angechanganya vichupa na vya nyumba nyingine, uzi ungetofautiana.

"Hawana mama mmoja," alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia Ritesh, "lakini wana bibi mmoja. Halafu wote wanamwita mama."

Ritesh akacheka na sambusa mdomoni. "Ninyi nanyi! Kwenu kila mwanamke mama. Kwetu mtu hawezi kupotea. Dada wa mama ni *masi*. Dada wa baba ni *foi*. Mke wa mjomba ni *mami*. Mimi nikimwita masi yangu mama, mama yangu ananifukuza na mwiko."

Mwanvita aliinua kichwa. "Rudia."

"Ananifukuza na mwiko."

"Si hapo. Dada wa mama."

"Masi."

Alikumbuka kwamba hata yeye, alipokuwa mdogo, aliwaita wadogo zake Hidaya mama, na hakuwahi kulitazama neno hilo mara ya pili. Alikuwa ameyajua mambo haya tangu utotoni, na alipovaa koti jeupe akayavua kama kandambili mlangoni. Dada wa mama ni mama. Watoto wake ni ndugu zako. Nani asiyejua? Ndiyo maana hakuna aliyemweleza siku ile uani, na yeye alipouliza, aliuliza kwa maneno ya darasani.

Kesho yake aliondoka mapema. Pale Matombo dereva wa bodaboda alisimama kuongeza mafuta, akamwonyesha kwa kidevu majabali mawili yaliyosimama juu ya mji, mviringo, bega kwa bega.

"Unajua kwa nini wanapaita Matombo, dada?"

"Kwa ajili ya haya mawe."

"Yanafananaje?"

"Kama maziwa ya mwanamke. Kila mtu anajua."

"Ewaa!" dereva akacheka, maana ndilo jambo analowaambia wageni wote na hufurahi kila mara. "Matombo ndiyo maziwa. Moja ni tombo."

Mwanvita hakucheka. Alisimama pale akiyatazama mawe aliyoyapita mara nyingi bila kuyasoma. Bibi Kristina hakusema tumbo kwa kuvuta. Alisema tombo, ziwa. Na Mluguru wa zamani akisema tombo hazungumzii mwanamke mmoja aliyezaa. Huzungumzia wote walionyonya kutoka kwa bibi mmoja: binti zake, na watoto wa binti zake, na watoto wa hao. Mtoto alikuwa wa huko. Ardhi ilipita huko, na mzee wa kukata shauri alitoka huko. Baba alikuwa mgeni mwenye heshima. Leo ardhi hupita kwa hati na kwa mwenye nguvu, na mjomba ni mtu wa kumwomba nauli.

Alimkuta Bibi Kristina akikwangua magome ya mdalasini. Akasalimu, akakaa chini, akashika kisu cha pili bila kuambiwa. Baada ya muda akasema:

"Bibi, mara ile nilikusikia vibaya. Ulisema tombo. Mimi nikaandika tumbo."

Mikono ya bibi ilisimama. Kisha yule mama mzee akacheka mpaka khanga ikamwanguka begani. "Ee Mungu wangu! Umempa binti yangu watoto watano kwa mpigo! Na mumewe mwenyewe ni mvivu vile!"

"Nao wamenitia matatani mjini. Kazini wanasema nimebadilisha damu za watu."

"Hukubadilisha. Umefunga mzigo vibaya, basi."

"Naomba uniambie nani alizaa nani."

Kicheko kikaisha. Bibi Kristina alitazama njiani, akatazama nyuma ya nyumba. Alisema kwa sauti ambayo Mwanvita hakujua kwamba anayo, sauti ndogo. Wawili ni wa huyu. Wawili ni wa mdogo wake aliyeolewa Gairo. Wamerudi kwa bibi yao kwa sababu kule wanaambiwa wanakula bure. Na Hashimu ni wa binti yake mkubwa, ambaye hakutoka hai siku ya kujifungua. Huyu aliyepo alikuwa ananyonyesha wakati ule. Akamshika Hashimu, akampa ziwa la pili. Tangu siku hiyo ndiye Mama Hashimu.

"Kwetu haligawanywi tombo," alisema. "Ukimwambia mtoto, huyu si mama yako, umemuua mama yake mara ya pili. Nimekwambia wewe kwa ajili ya kazi. Hashimu asilisikie kutoka kwenu."

"Halitasikika. Kwenye mchoro hamna majina, bibi. Kila mtu ana namba."

"Namba," alisema Bibi Kristina, kama anayeonja kitu asichokijua. "Haya. Labda namba hazina mdomo."

Mchoro mpya ulikaa sawa kama kifuniko kwenye sufuria yake. Watatu wale hawakuwa wa Mama Hashimu, na haikutakiwa wawe wake. Zaidi ya hayo, jambo lililokuwa linawasumbua, kwamba kinga ya Hashimu ilionekana kutoka hewani, likapata njia. Bibi Kristina alikuwa nayo kwenye damu yake, Mama Hashimu hakuwa nayo. Ilipita kwa yule binti aliyekufa.

Dokta Ezekiel alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa amekaa.

"Mikono yako haikukosea," alisema hatimaye.

"Hapana, Dokta. Masikio ndiyo yaliyokosea."

"Na mimi mdomo." Alikuwa mtu wa kukubali kosa, sifa hiyo apewe. "Nafasi ni yako. Lakini sasa lazima nyumba zote za mlimani ziulizwe upya. Zote."

Ritesh alisema kwamba sambusa zake zirudishwe, kisha akampa mkono kwa nguvu.

Mwanvita alirudia nyumba zote. Nyingi zilimjibu. Lakini zilikuwapo nyumba nne ambazo mabibi walikuwa wamekwisha kufa, na alipowauliza vijana kuhusu tombo walidhani anakosea kusema. "Tumbo, dada. Sema tumbo," walimsahihisha, wakichezea simu. Hakuna aliyejua nani alitokana na nani kupita mama aliyekuwa mbele yao. Nyumba hizo nne ziliondolewa kwenye utafiti. Damu yao ipo kwenye jokofu hadi leo, imehifadhiwa vizuri sana, na hakuna wa kuisemea.

Siku ya kupeleka majibu, Hashimu alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa ameelezwa habari za kinga yake, na kwamba akitaka kuoa, mchumba apimwe kwanza. Mchoro Mwanvita hakuukunjua.

"Hiyo kinga," Hashimu aliuliza, "mimi nimeitoa kwa nani?"

"Kwa bibi yako."

"Kupitia kwa mama."

"Ndiyo. Kupitia kwa mama."

Hashimu aligeuka akatazama juu mlimani. "Yule mama wa kaburi la chini ya mkarafuu," alisema. "Usishtuke, dada. Ninalipalilia kila mwaka, nitakosaje kujua? Ila usimwambie bibi kwamba najua. Atasikitika." Akamsimamishia bodaboda, akabishana na dereva kuhusu nauli, akarudi juu kupanda mteremko.

Mwanvita alifika Mwembesongo jioni na kumkuta Hidaya anaosha kikaango. Akamwuliza, kama jambo la kupita, wao ni wa tombo gani. Hidaya aliacha kusugua. Lilikuwa swali ambalo mama yake mwenyewe aliwauliza watoto kila asubuhi kama sala. Akamtajia, polepole, jina la bibi na la mama wa bibi na la aliyemtangulia, yakafika matano, kisha akakwama.

"Mbona hukuniambia zamani?"

"Hukuniuliza. Nilidhani huna haja nayo."

Ripoti ilipelekwa Dar es Salaam kuchapwa. Mwanvita alikuwa ameeleza neno tombo katika kurasa mbili, na akalitumia kila palipohitajika. Nakala ilipomrudia, aliifungua barazani akaanza kusoma kwa kidole. Kila mahali, kuanzia jalada mpaka mwisho, palikuwa pamesimama tumbo. Akapiga simu.

"Aa, dada, lilikuwa kosa la uchapaji," sauti ya kijana ilisema kwa ukarimu. "Tumekurekebishia lote. Usijali, hatuongezi gharama."

"Si kosa," alisema Mwanvita. "Chukua kalamu. Nitakutamkia herufi moja moja."